Kutoka Joto la Voi Hadi Msitu wa Mawingu: Jinsi ya Kupanda Milima ya Taita na Pesa Yako Ndani ya Simu

Wengi wetu tunaijua Voi kama mahali pa kushuka basi, kununua maji baridi na kunyoosha miguu kabla ya kuendelea na safari ya Mombasa. Jua ni kali, vumbi ni jekundu, na huku na huku ni nyika ya Tsavo. Lakini ukitazama upande wa magharibi utaona milima iliyojifunika mawingu kama mtu aliyejitanda leso asubuhi ya baridi. Hiyo ndiyo milima ya Taita. Kutoka stendi ya Voi hadi ndani ya msitu wa mawingu ni safari ya asubuhi moja tu, na ni mojawapo ya barabara zenye mandhari tamu zaidi nchini. Ajabu ni kwamba watu wengi huipita bila hata kugeuza shingo.

Swali mnalotuuliza mara kwa mara ni hili: je, mtu anaweza kusafiri mashambani siku mbili tatu bila kubeba pesa taslimu? Tuliamua kwenda kujionea. Tulikuwa wanne, gari moja ndogo, wikendi moja ya mwezi wa Agosti. Tulichogundua ni kwamba inawezekana, ila si kila mahali, na si bila kujipanga. Haya hapa ndiyo tuliyoyaona njiani.

Kabla ya kuwasha gari

Safari nzuri huanzia kwenye bajeti. Tulikubaliana mapema nani analipa nini, halafu kila mtu akamtumia fungu lake mweka hazina mmoja. Hii inasaidia kwa njia mbili. Kwanza, ada ya kutuma mnailipa mara moja, badala ya kurushiana hela ndogo ndogo kila mkinunua chai. Pili, mkirudi nyumbani taarifa ya miamala ya simu moja inawaambia hela zote zilikoenda. Tutairudia taarifa hiyo baadaye, kwa sababu ilitufundisha jambo.

Mambo mengine ya kuweka sawa:

- Beba kitambulisho chako halisi. Wakala atakihitaji ukitaka kutoa pesa.
- Chaji simu hadi ijae na ubebe chaja ya ziada. Simu iliyozima ni sawa na pochi iliyoanguka mtoni.
- Andika kwenye karatasi nambari za watu wawili unaowaamini. Wengi wetu hatukumbuki hata nambari ya mama.
- Weka pesa taslimu kidogo, noti za 50, 100 na 200. Sisi tulibeba shilingi 1,000 na tutakueleza zilitufaa wapi.

Kama huna gari, usijali. Treni ya SGR inasimama Voi na tiketi unalipia kwa simu. Kutoka Voi kuna matatu za kupanda Wundanyi.

Voi hadi Mwatate: nyika na mkonge

Kutoka Voi unaiacha barabara kuu ya Nairobi–Mombasa na kushika ile ya kwenda Taveta, mpakani na Tanzania. Ni lami safi, na si muda mrefu kabla ya kufika Mwatate. Barabara hii inakwenda sambamba na reli ya Voi–Taveta, ambayo Waingereza waliijenga haraka haraka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wakipigana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Leo reli hiyo imetulia kimya, lakini historia yake bado iko pale kwenye majani.

Karibu na Mwatate utaona mashamba ya mkonge yamepangwa mistari mistari hadi macho yachoke. Hapa bado ni joto. Hapa pia ndipo mahali pa kujaza mafuta, kuangalia upepo wa magurudumu, na kutoa pesa kwa wakala ikiwa utazihitaji. Huko juu mawakala wapo, lakini wakala wa kijijini anaweza kuishiwa na pesa taslimu, hasa jioni au siku ya soko. Ukimkuta hana, si kosa lake. Floti yake ni ya watu wengi.

Angalizo moja: nchi hii ni ya ndovu. Usiku huvuka barabara bila taa wala honi. Panga ufike juu kabla ya giza.

Kona za Wundanyi

Mwatate unakata kulia, na hapo ndipo safari yenyewe inaanza. Kwa kilomita takriban 15 barabara inajikunja na kujikunjua, kona baada ya kona, mlima mkono mmoja na bonde mkono mwingine. Voi iko mita kama 560 juu ya usawa wa bahari. Wundanyi iko karibu mita 1,400. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo usishangae ukianza safari na fulana na kumaliza na sweta.

Dirisha linapofunguliwa, harufu inabadilika. Vumbi linaisha, unaanza kusikia harufu ya udongo mbichi. Migomba inaning'inia juu ya barabara, nduma zimejaa mabondeni, kabichi na sukuma zimepandwa kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Sehemu kubwa ya mboga hizi hushuka kwenda kulisha miji ya huku chini hadi Pwani.

Ukungu ukishuka, si mchezo. Tulikuwa tunaona vizuri, halafu baada ya kona moja tukawa hatuoni zaidi ya magari mawili mbele. Punguza mwendo, washa taa za chini (zile za juu hugonga ukungu na kukurudia machoni), piga honi kabla ya kona kali. Wakati wa kushuka tumia gia nzito badala ya kukanyaga breki njia nzima. Na dereva asishike simu hata kidogo. Kama kuna malipo ya haraka, abiria alipe, au simamisheni gari mahali palipo wazi. Hakuna muamala unaoshinda maisha.

Kwa nini mawingu yanapenda hapa

Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mlolongo wa milima ya kale, uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia hapa na kuteremka hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Unavuka nyika tambarare yenye joto bila kukutana na kizuizi cha maana, hadi unapogonga Taita. Hapo hauna budi kupanda. Ukipanda unapoa, na mvuke wake unageuka matone madogo madogo. Hayo ndiyo mawingu unayoyaona kutoka Voi.

Sasa sikiliza kazi ya msitu. Majani, matawi na kuvu zinazoning'inia mitini kama ndevu huyanasa yale matone, yakakutana, yakawa mazito, yakadondoka chini. Yaani mti unakunywa, na kunywesha udongo, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Ukiukata mti, wingu linapita zake. Ndiyo maana mito ya Voi, Mwatate na Bura huanzia kwenye milima hii, halafu ikashuka kwenye nyika inayokauka. Yule mkulima wa tambarare anayechota maji mtoni analindwa na mti ambao pengine hajawahi kuuona.

Ndani ya Ngangao

Kutoka Wundanyi tulipita Wesu, tukaelekea Werugha, na asubuhi ya pili tukaingia msitu wa Ngangao. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuingia ndani ni kama kuingia nyumba yenye mapazia mazito: mwanga unapungua, sauti ya barabara inakatika, na unasikia tone, tone, tone, ilhali hakuna mvua. Mizizi imefunikwa na ukoga wa kijani. Kuna okidi zimekaa juu ya matawi. Kuna mibuni ya porini, jamaa wa mbali wa kahawa unayokunywa.

Kiongozi wetu, kijana wa huko huko, alitunyamazisha kwa kidole. Chini kwenye majani makavu alikuwa akirukaruka ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za rangi ya kutu. Wataalamu humwita Turdus helleri. Yeye, pamoja na wenzake wawili, Apalis fuscigularis na Zosterops silvanus, hawapatikani popote duniani nje ya kaunti hii ya Taita Taveta. Na kule msitu wa Mbololo, mlima wa pili yake, kuna ua dogo la zambarau la jamii ya Saintpaulia, ile ile jamii ya maua yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Hili la Mbololo liko Mbololo tu.

Tulimaliza kuutembea msitu kabla ya saa sita mchana, na hilo ndilo lililotushtua. Ngangao ni kama hekta 120 tu. Sehemu kubwa mno ya msitu wa asili wa Taita imeshaondoka, na kilichobaki ni vipande vipande juu ya vilele, vimezungukwa na mashamba na miti ya kigeni kama mikaratusi na misonobari. Yule ndege haendi kutafuta chakula kwenye shamba la mahindi. Kipande kikiisha, naye kaisha.

Wadawida, ambao wengi tunawaita Wataita, walikuwa na mpango wao wa kulinda misitu zamani. Sehemu fulani ziliitwa fighi, misitu mitakatifu ambayo hukuingia kukata ovyo. Wazee waliheshimu pia mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga, na baadhi yapo hadi leo karibu na Wundanyi. Ukitaka kuyaona, nenda na mwenyeji, omba ruhusa, na usiguse kitu. Hapo si mahali pa selfi za kuchekesha.

Kuhusu ada: ukielezwa kwamba kuna malipo ya serikali, kumbuka huduma za serikali hulipiwa kupitia eCitizen, paybill 222222, na lazima upate risiti. Mtu akikuambia utume ada ya serikali kwenye nambari yake binafsi, uliza maswali kwanza. Kiongozi wa msitu ni tofauti. Huyo ni mtu anayefanya kazi yake. Mpatane bei mapema, umlipe moja kwa moja.

Magunia matatu ya kabichi

Kando ya barabara ya Werugha tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa na kabichi na ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

Tulichagua, tukakubaliana bei, tukaomba nambari. Akatutazama kidogo. "Mtangoja simu yangu ilie?" Tukasema ndiyo, tutangoja. Ndipo akatusimulia. Miezi michache nyuma alikuja mteja na pikapu, mtu wa kuongea vizuri, akapakia magunia matatu. Akamwonyesha SMS kwenye simu yake mwenyewe: pesa imetumwa, jina la mama lipo, kiasi kipo. Mtandao unasumbua huku juu, akasema, itaingia tu. Mama akaamini. Jioni akaangalia salio, hakuna kitu. "Ile ilikuwa ada ya shule," alisema, akaendelea kutupangia ndizi.

Hatuna maneno ya kumfariji mtu kama huyo, lakini tuna maneno ya kumkinga mwingine. Kama unauza chochote, barabarani au sokoni, shika haya:

- Usiamini SMS iliyo kwenye simu ya mteja. Inayohesabika ni ile inayoingia kwenye simu yako.
- Angalia imetoka wapi. Ujumbe halali huja kwa jina la huduma yenyewe. Ukiona umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, huo ni utapeli.
- Soma salio jipya. Kama SMS inasema umepokea na salio halijapanda, hujapokea.
- Shughuli ikiwa kubwa, bidhaa zisiondoke kabla pesa haijaingia. Mteja mwema atangoja.

Na wewe mnunuzi, ngoja bila kununa. Dakika tatu zako ni usalama wake. Simu yake ililia tukiwa tumesimama pale, akasoma, akacheka, akatuongezea ndizi mbili.

Mtandao ukipotea kwenye kona

Kule juu mlima wa Vuria, mita 2,208, ndio kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, na una milingoti ya mawasiliano. Ungedhani basi mtandao ni bwerere. Lakini mawimbi ya simu hayapindi kona kama matatu. Ukiingia bondeni, mlima unakukinga. Kuna sehemu tulikuwa na mtandao kamili, tukateremka mita mia mbili, tukawa hatuna kitu. Fanya hivi:

1. Tumia menyu ya nyota na reli. Hiyo haihitaji bando wala intaneti, inahitaji mtandao wa kawaida wa simu tu. Programu ya simu ikigoma, menyu mara nyingi itakubali.

2. Usirudie kulipa kabla ya kuangalia. Hapa ndipo wengi huumia. Umeweka nambari ya siri, ujumbe haujaja, unadhani haikwenda, unalipa tena. Dakika kumi baadaye SMS mbili zinaingia pamoja. Angalia salio au taarifa fupi kwanza. Kama pesa imekatwa, imekwenda. Ngoja.

3. Soma jina kabla ya kukubali. Nambari za kutajiwa kwa mdomo, kwenye upepo, huku injini inanguruma, hukosewa kirahisi. Jina likitokea, lisome kwa sauti: "Ni wewe?" Akisema ndiyo, malizia.

4. Ukituma kwa mtu asiye sahihi, usimpigie kwanza kubishana. Fuata mara moja hatua za kurudisha muamala, au pigia huduma kwa wateja. Na ukipigiwa wewe na mtu anayedai amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza. Usimrudishie hela ambazo hukuzipata.

Na zile shilingi 1,000? Mia tano zilienda kwa mwendesha boda aliyempeleka mwenzetu juu kidogo kwa kuwa simu yake ilikuwa imezima. Mia mbili tulinunua chai na mahamri kwenye kibanda kilichokuwa bondeni kabisa, bila mtandao. Nyingine zilirudi nyumbani.

Taarifa ya miamala inasema nini

Tuliporudi tulifungua ile taarifa ya simu ya mweka hazina. Malipo yalikuwa 23, jumla shilingi 28,400. Manne kati yake, ya mafuta na supamaketi, yalibeba shilingi 15,900. Yaani zaidi ya nusu ya pesa ya kwenda kuona msitu haikufika msituni.

Malipo 19 yaliyobaki ndiyo yaliyopanda mlima: shilingi 7,000 za malazi, 2,300 za chakula (tulikula kimanga, mseto wa Kitaita wa maharagwe na viazi, mara mbili), 2,000 za kiongozi, na 1,200 za mboga na matunda. Hizo 1,200 zilikuwa malipo kumi, kwa watu kumi. Zilikuwa ndizo ndogo kuliko zote, na ndizo zilizogusa watu wengi kuliko zote.

Tulimuuliza yule kijana wa Ngangao kama kazi ya kuongoza wageni inalipa. Alisema baba yake alikuwa akipasua mbao, na msitu aliokuwa akiupasua ndio huu anaotutembeza. "Mwezi wenye wageni, nyumbani hakuna anayeniuliza kuhusu shoka. Mwezi usio na wageni, wananiuliza."

Kwa hiyo tunakuomba ujaribu kitu kimoja katika safari yako ijayo, iwe Taita au kwingineko. Punguza ununuzi wa supamaketi kabla ya kuondoka. Nunua maparachichi, ndizi, kabichi na chakula cha mchana huko huko unakoenda. Lala kwa mwenyeji. Chukua kiongozi hata kama unadhani njia unaijua. Simu inakuwezesha kumlipa mtu huyo moja kwa moja, bila dalali katikati, na bila yeye kushuka hadi mjini kutafuta chenji.

Wakati mzuri wa kwenda: Juni hadi Septemba ni baridi na ukungu mwingi, kwa anayetaka kuyaona mawingu yakifanya kazi. Januari na Februari anga huwa wazi zaidi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza, kwa hiyo gari ndogo ziishie kwenye lami. Beba sweta, viatu vya kushika udongo, na subira ya kungoja simu ya mwenzako ilie.

Safari njema, na nambari ya siri ibaki siri.